Muundo na Maana: Namna Akili Inavyoifasiri Sentensi ya Kiswahili

Zisome sentensi hizi tatu kabla hujaendelea.

(a) Fisi amemla mbuzi.
(b) Mbuzi fisi amemla.
(c) Mamba kiboko amemuua.

Sentensi (a) haina shida. Nomino iliyotangulia kitenzi ni mtenda, iliyofuata ni mtendwa. Sentensi (b) pia umeielewa, ingawa mpangilio wake umebadilika na nomino zote mbili zimekaa kabla ya kitenzi. Hebu jiulize umeielewaje. Kiambishi a- katika "amemla" kinaweza kumrejelea fisi au mbuzi. Kiambishi -m- nacho vilevile. Wanyama hawa wawili wamo katika ngeli moja ya A-WA, kwa hivyo viambishi haviwatenganishi. Kilichokuongoza si sarufi bali ujuzi wako wa fisi na mbuzi. Ukifika (c), ujuzi huo haukusaidii tena. Kando ya Mto Tana wapo mamba na wapo viboko, na kila mmoja ana nguvu za kumuua mwenzake. Sarufi imenyamaza, ujuzi wa ulimwengu umenyamaza, nawe umebaki na maana mbili mkononi.

Hilo ndilo somo letu katika sura hii. Tawi la isimu linalochunguza jinsi maneno yanavyopangwa kuunda virai, vishazi na sentensi huitwa sintaksia. Linalochunguza maana huitwa semantiki. Vitabu vya kiada huyaweka matawi haya katika sura tofauti. Akili ya msomaji haifanyi hivyo: huvitumia vyote viwili kwa wakati mmoja, neno baada ya neno, na kimoja kikishindwa kingine hushika usukani.

Usidhani kuwa haya ni ya wanaisimu wa vyuo vikuu tu. Katika Karatasi ya Pili ya KCSE, matumizi ya lugha hubeba alama 40 kati ya 80, na maswali ya utata, upatanisho wa kisarufi, kauli za vitenzi na uakifishaji yote yanatokana na uhusiano huu. Katika Karatasi ya Tatu, anayeshindwa kuuona muundo wa mshororo hushindwa kueleza maana yake. Na kwa mwanafunzi wa Garissa, Wajir au Mandera ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisomali, kuna jambo la ziada ambalo nitalichukulia muda wa kutosha hapa chini, kwa sababu miongozo mingi hulipita kimyakimya.

Maana inapoamua umbo

Wanafunzi wengi huambiwa kuwa ngeli hutambuliwa kwa viambishi vya nomino: ki- na vi- ni ngeli ya KI-VI, m- na mi- ni ngeli ya U-I, na kadhalika. Kanuni hii inafaa hadi unapokutana na kiboko.

Kiboko amelala ukingoni mwa mto.
Kiboko kimevunjika.

Nomino ni ileile. Katika sentensi ya kwanza ni mnyama, kwa hivyo huchukua upatanisho wa A-WA. Katika ya pili ni fimbo au mjeledi, kwa hivyo hubaki KI-VI. Hali ni hiyohiyo kwa "kifaru": mnyama huchukua A-WA (Kifaru amejeruhiwa), gari la vita huchukua KI-VI (Kifaru kimeharibiwa). "Ndege ametua" ni kiumbe mwenye mabawa ya manyoya. "Ndege imetua" ni chombo kilichotua uwanjani. Hapa maana ndiyo inayouamuru muundo. Kiumbe chenye uhai huvuta upatanisho wa A-WA hata kama umbo la nomino linadai ngeli nyingine.

Sasa geuza jambo hilo. Ukisoma "Ndege imetua", hukujua maana ya "ndege" mpaka ulipofikia kiambishi i-. Safari hii ni muundo uliokueleza maana. Kwa hiyo uhusiano huu ni wa pande mbili.

Chukua anwani ya tamthilia ya Pauline Kea, Kigogo. Neno hili lina maana ya mtu mwenye mamlaka makubwa, na pia kipande cha mti. Lingekuwa katika sentensi, upatanisho ungetuambia ni lipi: "Kigogo amekataa" au "Kigogo kimeanguka". Lakini anwani haina kitenzi, hivyo hakuna kiambishi cha kufunga maana, na milango yote miwili hubaki wazi. Mwanafunzi akiulizwa ajadili ufaafu wa anwani, hilo ni jambo la kuanzia.

Mwaka 1957 mwanaisimu Mmarekani Noam Chomsky alitoa hoja kuwa sentensi inaweza kuwa sahihi kabisa kisarufi ilhali haina maana. Tunaweza kutunga yetu: "Kimya kirefu kilikimeza kiatu cha jana." Kila upatanisho uko sawa. Kimya, kirefu, ki-, -ki-, kiatu, cha: hakuna mwalimu atakayeuweka wino mwekundu hapo. Hata hivyo, kimya hakimezi viatu. Angalia basi akili yako inafanya nini: haiitupi sentensi, bali inaanza kutafuta. Labda kuna mtu aliyepotea, kikabaki kiatu chake tu, kisha watu wakaacha kumzungumzia?

Utafutaji huo ndio waandishi wa fasihi wanaoutegemea. Anwani ya mkusanyiko wa Mapambazuko ya Machweo ni kirai nomino cha kawaida: nomino, a-unganifu, nomino. Kimuundo hakitofautiani na "mabati ya nyumba". Kimaana kinagongana, kwa kuwa mapambazuko ni mwanzo wa siku na machweo ni mwisho wake. Tumbo Lisiloshiba nayo ina kirejeshi kikanushi kilichopatanishwa vizuri na ngeli ya LI-YA, lakini tumbo lenyewe halishibi wala haliachi kushiba. Mwenye tumbo ndiye anayeshiba. Akili huhama kutoka kwa kiungo hadi kwa mwenye kiungo, na kutoka kwa chakula hadi kwa tamaa. Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei, imejengwa vivyo hivyo. Ukiandika tu kwamba anwani "ina ukinzani" umepata nusu. Onyesha kuwa sarufi imeruhusu maneno yaungane huku maana zake zikikataa, kisha eleza msomaji analazimika kufikiria nini.

Kiambishi kinachomwonyesha mtendwa

Kiswahili hakitegemei mpangilio wa maneno peke yake. Hubeba ushahidi ndani ya kitenzi. Tazama mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya somo:

Maji yale wameyanywa, ngamia wa babu yangu

Mtendwa ametangulia, kitenzi kimefuata, mtenda amekuja mwisho. Hata hivyo hakuna anayedhani maji yamewanywa ngamia. Ukiwacha kando ujuzi wako wa ngamia, kitenzi chenyewe kinatosha: wa- ni kiambishi cha kiima kinachopatana na ngamia (A-WA), -me- ni cha wakati, -ya- ni cha mtendwa kinachopatana na maji (YA-YA), -nyw- ni mzizi, -a ni kiishio. Mshairi anaweza kuyatawanya maneno apendavyo ili apate mizani na vina, na viambishi vitayarudisha kila moja kwa mwenyewe.

Hii ndiyo sababu kuboronga sarufi kunawezekana katika ushairi wa Kiswahili. Watahiniwa wengi hulitaja jambo hili kama aina ya uhuru wa mshairi, wakatoa mfano, wakaishia hapo. Jibu lenye uzito huongeza kuwa maana haipotei kwa sababu upatanisho wa kisarufi unabaki. Unapoulizwa uandike ubeti katika lugha nathari, usianze kwa kutafuta visawe vya maneno magumu. Anza na vitenzi. Tafuta kiambishi cha kiima, kiunganishe na nomino yake popote ilipo katika ubeti. Tafuta kiambishi cha mtendwa, fanya vivyo hivyo. Utapata: "Ngamia wa babu yangu wameyanywa maji yale."

Kiambishi cha mtendwa kina kazi nyingine ambayo ni ya maana zaidi kuliko ya muundo. Linganisha:

Nilisoma kitabu.
Nilikisoma kitabu.

Katika ya kwanza, kitabu ni chochote. Ninaeleza nilichokuwa nikifanya. Katika ya pili, mimi nawe tunakijua kitabu kinachozungumziwa, pengine ndicho ulichoniazima wiki iliyopita. Tofauti ni silabi moja, ila silabi hiyo inabeba wazo la umahususi. Kwa watu, kiambishi hiki karibu kila mara ni cha lazima: "Nilimwona Halima", si "Niliona Halima".

Mtoto mdogo hulijuaje jambo hili? Hakuna mzazi anayemfundisha mtoto wa miaka miwili kuhusu umahususi. Mwanaisimu Kamil Ud Deen alichunguza mazungumzo ya watoto wanne wadogo wa Nairobi waliokuwa wakijifunza Kiswahili kama lugha ya kwanza, na kitabu chake kuhusu suala hilo kilitoka mwaka 2005. Watoto hao waliacha viambishi vingi, hasa cha kiima, kama watoto wafanyavyo. Lakini pale mtendwa alipokuwa mahususi na kiambishi cha mtendwa kikahitajika, walikitia karibu kila mara. Yaani kipashio hiki kidogo, ambacho mwanafunzi wa kidato cha nne hukisahau katika insha, mtoto asiyeweza kufunga viatu vyake hukitumia ipasavyo.

Mimi nauona ushahidi huo kuwa mzito. Mtoto hajifunzi muundo kwanza kisha akautafutia maana, wala hajifunzi maana kisha akaivalisha muundo. Hushika viwili kwa pamoja. Mwanafunzi anayekariri jedwali la ngeli usiku kucha bila kutunga hata sentensi moja anajifunza kinyume na njia hiyo, na ndiyo maana asubuhi jedwali limeyeyuka.

Kwa msomaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisomali

Watu hupenda kutaja kuwa Msomali hutamka "b" penye "p". Ni kweli kwamba Kisomali hakina sauti /p/, lakini hayo ni mambo ya fonolojia, na karatasi ya mtihani haina masikio. Makosa yanayokula alama ni ya muundo, na yana sababu inayoeleweka. Hayatokani na uvivu.

Kisomali, ambacho tangu 1972 kimekuwa na maandishi rasmi ya Kilatini nchini Somalia, humtambulisha mtenda kwa njia tofauti na Kiswahili. Soma:

Ninku wiilka wuu arkay. (Mwanamume alimwona mvulana.)
Ninka wiilku wuu arkay. (Mvulana alimwona mwanamume.)

Mpangilio ni mmoja: mwanamume, mvulana, kisha kitenzi. Kilichobadilika ni irabu moja mwishoni mwa nomino. Nomino yenye -ku ndiyo kiima. Sikio la msemaji wa Kisomali limezoea kumtafuta mtenda mwishoni mwa nomino. Kitenzi cha Kisomali pia hubadilika kulingana na kiima, lakini mtendwa akiwa wa nafsi ya tatu, hakiwekewi alama yoyote. Tazama:

Wuu i arkay. (Aliniona.)
Wuu ku arkay. (Alikuona.)
Wuu arkay. (Alimwona, aliwaona, alikiona, aliiona.)

Kwa nafsi ya kwanza na ya pili kuna neno la mtendwa: i, ku. Kwa nafsi ya tatu hakuna kitu. Maana ya mazungumzo ndiyo inayojaza pengo. Sasa utaelewa kwa nini mwanafunzi yuleyule anayeandika "mwalimu aliniita" bila kosa huandika pia "mwalimu aliita Abdi" au "nilipeleka mgonjwa hospitalini nikaacha hapo". Hajasahau kanuni. Anatumia kanuni, ila ni ya lugha nyingine. Katika Isimujamii tunaita hali hii athari ya lugha ya kwanza, na ukiulizwa sababu za makosa katika mazungumzo, mfano huu una nguvu kuliko ile mifano ya matamshi ambayo kila mtahiniwa huinakili.

Dawa yake ni ndogo na inachosha: baada ya kumaliza insha, rudi upitie kila kitenzi chenye mtendwa wa nafsi ya tatu. Uliza, je, ni mtu? Kama ni mtu, weka -m-/-mw- au -wa-. Je, ni kitu kilichokwisha kutajwa? Weka kiambishi cha ngeli yake. "Nilimpeleka mgonjwa hospitalini nikamwacha hapo."

Suala la pili ni a-unganifu. Kisomali huunganisha nomino mbili kwa kuziweka bega kwa bega: suuqa xoolaha, yaani soko la mifugo, bila neno la kati. Mjini Garissa pana mahali panapoitwa Soko Ng'ombe, na kila mtu anapajua. Jina la mahali huruhusiwa kuwa fupi, kwa sababu maana inajitosheleza. Huwezi kudhani kuwa soko ni ng'ombe. Katika sentensi ya mtihani, "soko ng'ombe" ni kosa, na "soko wa ng'ombe" ni kosa pia. Ni "soko la ng'ombe", kwa kuwa a-unganifu hupatana na nomino ya kwanza, si ya pili. Anayezungumza Kiilwana, lugha ya Wamalakote wa kando ya Tana, ana nafuu hapa, maana lugha yake ni ya Kibantu na ina ngeli. Mborana na Muorma hawana nafuu hiyo.

Lakini usidhani lugha yako ya kwanza ni mzigo tu. Katika kauli ya kutendea, Msomali ana mtaji ambao wengi hawajui kuutumia. Kisomali kina vipashio vifupi vinavyowekwa kabla ya kitenzi, na kimojawapo ni ku. (Usikichanganye na ku ya mtendwa tuliyoiona hapo juu.)

Qalinka wuu ku qoray. (Aliandika kwa kalamu.)
Buugga wuu ku qoray. (Aliandika katika kitabu.)

Kipashio ni kimoja. Kwa kalamu kinaonyesha ala, kwa kitabu kinaonyesha mahali, na hukuhitaji kuambiwa, kwa sababu maana ya nomino imeamua. Kiswahili hufanya hivyohivyo kwa kiambishi -i-/-e- cha kutendea: "kalamu ya kuandikia" ni ala, "daftari la kuandikia" ni mahali. Swali likikutaka ueleze matumizi ya kauli ya kutendea, kumbuka ku yako, kisha ongeza u, ambayo huonyesha anayefanyiwa jambo. Waan u keenay: nilimletea. Utaona kwamba unaijua kauli hii tangu utotoni.

Pale muundo na maana vinaposhindwa kwa pamoja

Utata hutokea muundo unaporuhusu tafsiri zaidi ya moja na maana ya maneno isiweze kuziondoa nyingine. Sehemu zote mbili za kanuni hii ni muhimu. Muundo mmoja unaweza kuwa tata kwa maneno fulani na usiwe tata kwa mengine.

A-unganifu ni mfano mzuri. Fikiria "kisima cha Abdi", "kisima cha mawe", "kisima cha Wajir", "kisima cha kunyweshea", "kisima cha pili". Mwenyewe, kifaa cha kujengea, mahali, matumizi, nafasi katika orodha: muundo ni mmoja, maana ni tano, na hakuna hata moja iliyokuchanganya. Sasa sema "picha ya Halima". Je, Halima anaimiliki, ameichora, au ndiye anayeonekana ndani yake? Muundo haujabadilika hata kidogo. Ni kwamba neno "picha" linakubali mahusiano hayo yote na mtu, ilhali "kisima" kinakubali machache.

Kauli ya kutendea nayo huleta utata pale mtendewa anapoweza kusimama katika nafasi kadhaa. "Abdi alimpigia Halima mpira" ina maana kwamba aliupiga kwa niaba yake, au aliuelekeza kwake, au alifanya hivyo kwa sababu yake. "Alinichukulia kitabu" inaweza kuwa msaada au dhuluma: alikichukua kwa niaba yangu, au aliniondolea bila idhini. Lakini "Abdi alimpigia mama simu" haina utata wowote, kwa kuwa kupiga simu kunadai anayepigiwa.

Utata ninaoutilia maanani kuliko mwingine ni wa virejeshi, kwa sababu unatoka darasani ukaingia katika maisha ya watu.

Nilipewa mbuzi wa jirani aliyekufa.

Nani alikufa? Jirani na mbuzi wote ni A-WA umoja, kirejeshi -ye- kinawatosha wote. Mtu akiandika sentensi hii katika taarifa kituoni au mbele ya wazee wanaogawa urithi, mmoja ataelewa kwamba alipokea mali ya marehemu na mwingine kwamba alipokea mzoga. Ugomvi umezaliwa na silabi moja. Kiswahili, kwa bahati, kinatupa silaha mbili za kuuondoa. Ya kwanza ni kubadilisha idadi inapowezekana: "mbuzi wa majirani aliyekufa" ni mbuzi aliyekufa, "mbuzi wa majirani waliokufa" huelekeza kwa majirani, ilimradi mbuzi ni mmoja. Ya pili, iliyo salama zaidi, ni kuivunja sentensi: "Jirani alikufa, nami nikapewa mbuzi wake."

Nomino zikiwa za ngeli tofauti, tatizo halipo. "Nilimwaga maziwa ya ngamia yaliyochacha": -yo- hupatana na maziwa peke yake, ngamia hana nafasi. Hapa ndipo faida ya ngeli huonekana, kwa wale wanaolalamika kuwa ni nyingi mno.

Uakifishaji pia umo katika habari hii. Soma kwa sauti:

Alipokula nyama alilala.
Alipokula simba alilala.

Ya kwanza huhitaji koma ili iwe nadhifu, lakini huwezi kuikosea, maana nyama hailali. Ya pili inakupotosha. Unaweza kuanza kwa kudhani simba ni mlo, ukafika "alilala" ukashtuka, ukarudi nyuma. Ukiandika "Alipokula, simba alilala", koma imefanya kazi ambayo maana ya maneno haikuweza kuifanya. Na ukitaka kweli kusema kwamba mtu alimla simba, tia kiambishi cha mtendwa: "Alipomla simba, alilala."

Mazoezi

1. Eleza maana mbili za sentensi: Asha alimlipia Zeinab karo ya mtoto wake.
2. Tumia neno "mbuzi" katika sentensi mbili kuonyesha ngeli mbili tofauti.
3. Andika katika lugha nathari, kisha ueleze viambishi vilivyokusaidia: Mizigo waliibeba, vijana hadi sokoni.
4. "Tulikutana na wachungaji wa ngamia waliochoka" ni sentensi tata. Eleza kwa nini, kisha uondoe utata.

Maelezo ya majibu

Katika swali la kwanza, kiambishi cha nafsi katika "wake" kinaweza kumrejelea Asha au Zeinab. Andika sentensi mbili kamili: Asha alimlipia Zeinab karo ya mtoto wa Zeinab, Zeinab alikuwa na deni la karo ya mtoto wa Asha, Asha akalilipa kwa niaba yake. Maana ya pili ni ya mbali, kwa sababu kwa kawaida humlipii mtu karo ya mtoto wako mwenyewe, lakini muundo unairuhusu. Usiandike "mtoto wa Asha / mtoto wa Zeinab" ukadhani umemaliza. Hilo ni dokezo tu, na maana hutolewa kwa sentensi.

Swali la pili ni la ndege na kiboko kwa sura nyingine: "Mbuzi amezaa" (A-WA, mnyama) na "Mbuzi imevunjika" (I-ZI, kifaa cha kukunia nazi). Anayeandika "Mbuzi imezaa" amechanganya umbo na maana.

La tatu: "Vijana waliibeba mizigo hadi sokoni." Kiambishi wa- kinapatana na vijana, ambao ni watu, kwa hivyo wako A-WA ingawa wana vi-. Kiambishi -i- kinapatana na mizigo katika ngeli ya U-I, wingi. Ukieleza lile la vijana, umeonyesha kwamba umeelewa sehemu ya kwanza ya sura hii.

La nne: wachungaji na ngamia wote wako katika A-WA wingi, hivyo "waliochoka" inaweza kuwarejelea wote wawili, na maana haisaidii kwa kuwa mtu huchoka na ngamia huchoka. Kuondoa utata: "Tulikutana na wachungaji waliochoka, waliokuwa wakichunga ngamia", au "Tulikutana na wachungaji ambao ngamia wao walikuwa wamechoka". Baadhi ya watahiniwa hujaribu kubadilisha "waliochoka" kuwa "ambao wamechoka". Hilo halisaidii kitu: "ambao" hupatana na wote wawili kama ilivyokuwa hapo awali, na utata uko palepale.